Folda ya mhasibu haipachikiki kwenye mashine pepe tangu rauta ibadilishwe

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Ninafanya kazi katika ofisi ya kununua na kusafirisha dagaa hapa Kirumba, Mwanza, karibu na Mwaloni. Kompyuta ya mhasibu ni ya Windows 10, na ndiyo yenye folda ya pamoja iitwayo hesabu. Kompyuta ya stoo nayo ni ya Windows, lakini ndani yake nimeweka VirtualBox na mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, ya Ubuntu inayoendesha mfumo wetu wa stoo. Mfumo huo huandika risiti za mizigo kwenye folda ya mhasibu, ambayo nimeipachika kwenye /mnt/hesabu kupitia faili la fstab, lile linaloorodhesha folda na diski ambazo Ubuntu huzipachika yenyewe. Ulifanya kazi vizuri tangu mwaka jana. Juzi kati radi ilipiga, umeme ukakatika, rauta ikaungua na fundi akatuletea nyingine. Tangu hapo folda haipachikiki. Kwanza lilikuja kosa 115. Rafiki akaniambia niongeze vers=1.0, likaja kosa 112. Nikaliondoa hilo, tukazima fayawoli ya kompyuta ya mhasibu, nikaandika anwani mpya kwa mkono kwenye amri ya kupachika, likaja kosa 13, ingawa niliweka namba ileile ambayo mhasibu hufungulia kompyuta yake. Mtandao upo, kwa sababu nikiipiga ping (ile amri ya kuuliza kama kifaa kipo hewani) rauta inajibu. Kinachonitisha zaidi ni kwamba kwa siku mbili mfumo wa stoo uliendelea kuandika risiti bila kulalamika, lakini mhasibu haioni hata moja. Je, nibadilishe NAT iwe daraja, au nisakinishe Ubuntu upya?

JIBU: Marahaba. Usisakinishe chochote upya, usirudishe nakala ya zamani ya mashine pepe, wala usiifute, kwa sababu risiti za siku hizo mbili ziko ndani yake. Tuanze na hizo kabla ya kugusa mtandao, maana mtandao utasubiri lakini risiti zikifutika hazirudi.

Saraka ya /mnt/hesabu ni saraka ya kawaida iliyomo kwenye diski ya Ubuntu, na kwa desturi huwa tupu. Folda ya mhasibu inapopachikwa juu yake, kila kinachoandikwa humo huenda kwenye kompyuta ya mhasibu. Isipopachikwa, saraka ile hubaki pale pale ikiwa na jina lile lile, na programu yoyote yenye ruhusa itaandika humo bila kujua kwamba inaandika kwenye diski ya hapo hapo. Ndiyo maana mfumo wa stoo haukulalamika. Ubaya wake mkubwa zaidi hujitokeza siku unapofanikiwa kupachika: folda ya mhasibu huifunika saraka ile, risiti zilizoandikwa chini yake hazionekani tena, na mtu huamini kwamba zimepotea ilhali zimekaa pale pale zikila nafasi ya diski.

Simamisha kwanza mfumo wa stoo, kisha andika `findmnt /mnt/hesabu`. Amri hiyo isipoleta chochote, folda haijapachikwa, na ukiandika `ls -la /mnt/hesabu` utaziona risiti zako. Kama imeshapachikwa na hutaki kuiondoa, tengeneza saraka nyingine, kwa mfano /mnt/chini, kisha andika `sudo mount --bind / /mnt/chini`. Amri hiyo huonyesha diski ya Ubuntu peke yake bila vilivyopachikwa juu yake, kwa hiyo risiti utazikuta ndani ya /mnt/chini/mnt/hesabu. Zinakili kwa `cp -a` hadi mahali pengine ndani ya mashine pepe, uzihesabu na ufungue mbili tatu kuona kama zinasomeka, ndipo uzifute kwenye saraka ya awali. Usizimwage moja kwa moja kwenye folda ya mhasibu siku itakaporudi. Ikiwa mfumo wako hutoa namba ya risiti kwa kuangalia faili ya mwisho iliyomo ndani ya folda, basi wakati folda ilipoonekana tupu huenda uliianza hesabu upya, na kuna uwezekano wa risiti mbili tofauti kubeba namba moja. Kaeni na mhasibu mlinganishe orodha zote mbili kwanza.

Saraka ikishakuwa tupu na folda ikiwa haijapachikwa, andika `sudo chattr +i /mnt/hesabu`. Kwenye diski ya ext4, ambayo ndiyo Ubuntu huitumia kwa kawaida, amri hiyo huifunga saraka isiandikwe na mtu yeyote, hata msimamizi mkuu, lakini haizuii folda ya mtandao kupachikwa juu yake. Kuanzia hapo, siku folda isipopachikwa, mfumo wa stoo utakataa kuandika na utapiga kelele. Binafsi naona kelele hiyo ni bora mara nyingi kuliko ukimya uliowapata, na ningeifanya kazi hii katika kila mashine inayoandika kumbukumbu za fedha kwenye folda ya mbali.

Sasa tuje kwenye makosa yenyewe. Namba tatu ulizonitajia si tatizo moja linalobadilika sura. Kila namba inakuambia umefika umbali gani: 115 inasema mazungumzo hayakuanza, 112 kwa hali yako inasema mazungumzo yalianza lakini lugha haikuafikiwa, na 13 inasema mlisikilizana vizuri ila umekataliwa. Kwa maneno mengine, ulipopata kosa 13 ulikuwa karibu zaidi na suluhisho kuliko ulipoanza, ingawa ulifika hapo kwa njia ambayo nitakuomba uirudishe nyuma.

Kosa 115 hutokea pale Ubuntu inapogonga poti 445, mlango ambao Windows hushirikishia mafaili, ya anwani uliyoipa na kusubiri bila kupata jibu lolote, si la kukubali wala la kukataa. Katika ofisi yenu zipo sababu mbili zinazotosha, na inawezekana zote mbili zilikuwepo kwa pamoja. Ya kwanza ni anwani. Rauta nyingi za ofisini hugawa anwani zinazoanza na 192.168.1, nyingine huanza na 192.168.0, na rauta mpya haijui rauta iliyoungua ilikuwa imempa nani anwani gani. Ikiwa fstab yako bado inataja anwani ya zamani, Ubuntu inatuma maombi yake mahali ambapo hapana mtu. Nenda kwenye kompyuta ya mhasibu, fungua dirisha la amri, andika `ipconfig` na usome anwani yake ya sasa kwa macho yako. Usikisie, na usiichukue kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani.

Sababu ya pili watu wengi hawaifikirii. Windows huutambua mtandao, pamoja na mambo mengine, kwa rauta iliyo kwenye lango lake, kwa hiyo rauta mpya kwake ni mtandao mpya, na mtandao mpya usiojulikana huwekwa kwenye kundi la mitandao ya umma, kama ule wa hotelini au stendi. Kwenye kundi hilo fayawoli hufunga njia za kushirikisha mafaili. Kwenye kompyuta ya mhasibu fungua PowerShell kama msimamizi, andika `Get-NetConnectionProfile`, na utazame mstari wa NetworkCategory. Ukikuta Public, ndiyo hiyo. Ibadilishe kwa `Set-NetConnectionProfile -InterfaceIndex 12 -NetworkCategory Private`, ukiweka namba halisi ya InterfaceIndex uliyoiona badala ya 12. Baada ya hapo iwasheni tena fayawoli mliyoizima. Kuizima yote kulifungua poti 445, lakini kulifungua pia kila kitu kingine kwenye kompyuta yenye hesabu za ofisi, na simu za wageni zinaingia kwenye rauta hiyo hiyo. Kumbuka vilevile kwamba Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kompyuta hiyo inahitaji ulinzi zaidi, si pungufu.

Kuhusu ping: ulichokipiga ni rauta, nayo ilijibu. Hilo halisemi lolote kuhusu kompyuta ya mhasibu. Ni kama kuona kivuko kimetia nanga Kamanga ukatangaza kwamba mzigo umefika Sengerema. Hata ungeipiga ping anwani ya mhasibu ikajibu, bado usingekuwa na uhakika, kwa sababu baada ya rauta kubadilishwa anwani hiyo ingeweza kuwa imeangukia simu ya mfanyakazi au printa. Ukiona kosa 111 mahali pa 115, basi fikiria jambo hilo kwanza: kipo kitu kwenye anwani hiyo, kimekujibu, lakini poti 445 kwake imefungwa.

Kipimo chenye maana ni cha poti yenyewe, na kwa mashine pepe kifanyike mara mbili, kwanza nje yake kisha ndani yake. Kwenye kompyuta ya stoo, upande wa Windows, andika katika PowerShell `Test-NetConnection 192.168.0.20 -Port 445`, ukiweka anwani uliyoisoma kwa mhasibu. Kisha ndani ya Ubuntu andika `nc -vz -w 5 192.168.0.20 445`. Kompyuta mwenyeji, yaani hiyo ya stoo upande wa Windows, ikishindwa, mashine pepe haina kosa lolote na hupaswi kuigusa. Tatizo liko kwa mhasibu au kwenye rauta. Mwenyeji akifaulu na Ubuntu ikashindwa, hapo ndipo unapokuwa na haki ya kushuku VirtualBox. Zote mbili zikifaulu, achana kabisa na habari za mtandao, kwa sababu kilichobaki ni mambo ya akaunti na ruhusa. Watu wanaoruka kipimo hiki huishia kubadilisha mipangilio mitano kwa mpigo, na hata ikikubali hawajui ni upi uliosaidia.

Hapa panajibu swali lako la NAT na daraja. Katika hali ya NAT, VirtualBox huipa Ubuntu anwani kama 10.0.2.15 na kuitolea maombi yake nje kwa jina la kompyuta mwenyeji. Kwa mashine pepe inayokwenda kutafuta folda kwa mwingine, hali hiyo inatosha kabisa, na faida yake ni kwamba rauta ikibadilishwa, upande wa ndani wa mashine pepe haubadiliki. Daraja, yaani mashine pepe kuingia moja kwa moja kwenye mtandao wa ofisi kama kompyuta nyingine, lina maana pale kompyuta nyingine zinapotakiwa kuifikia mashine pepe, na hata hivyo mara nyingi hugoma kompyuta mwenyeji inapotumia Wi-Fi badala ya kebo. Usilibadilishe kwa ajili ya tatizo hili. Kitu kimoja tu cha kuzingatia ni kwamba chini ya NAT usitegemee jina la kompyuta ya mhasibu. Windows hutafutana kwa majina kwa kupaza sauti kwenye mtandao wa karibu, na sauti hiyo haivuki NAT, kwa hiyo tumia anwani ya IP. Ili anwani isihame tena, ingia kwenye rauta mpya na uitengee kompyuta ya mhasibu anwani yake ya kudumu kwa kutumia namba ya MAC, ile namba ya utambulisho ya kadi yake ya mtandao. Rauta nyingi zina sehemu hiyo chini ya mipangilio ya DHCP, yaani ya ugawaji wa anwani.

Wasomaji wanaotumia NFS, njia ya kushirikisha folda iliyozoeleka kwenye Linux, badala ya folda za Windows wana mtego wao hapo hapo kwenye NAT. Seva ya NFS kwa kawaida hukubali tu maombi yanayotoka kwenye poti iliyo chini ya 1024, na NAT huibadilisha poti hiyo kuwa ya juu zaidi, kwa hiyo mashine pepe hukataliwa hata kama anwani na ruhusa viko sawa. Dawa ni kuongeza neno `insecure` kwenye mstari husika wa /etc/exports, faili la seva linaloorodhesha folda inazozishirikisha, kisha `exportfs -ra`, au, kwa mashine ya namna hiyo, kutumia daraja kweli. Na kwenye faili hilo hilo mtu asiache nafasi kati ya anwani na mabano ya ruhusa, kwani nafasi hiyo huifungulia dunia nzima ruhusa zilizokusudiwa kwa kompyuta moja.

Turudi kwa rafiki yako na vers=1.0. Ushauri huo ulikuwa na mantiki zamani, na bado unazunguka. SMB ndiyo lugha ambayo Windows hushirikishia mafaili, na vers=1.0 huita toleo lake la kwanza, SMB1. SMB1 ndiyo itifaki ambayo udhaifu wake ulitumiwa na virusi vya WannaCry mwezi Mei 2017, na tangu toleo la 1709 la mwaka huo Windows 10 inaposakinishwa upya haiweki sehemu ya seva ya SMB1 yenyewe. Kerneli, yaani kiini cha Linux, nayo iliacha kuitumia SMB1 kama chaguo la kwanza kuanzia toleo la 4.13, mwaka huo huo. Kwa hiyo uliilazimisha Ubuntu kuzungumza lugha ambayo kompyuta ya mhasibu haiijui tena, nayo ikakata maongezi, na kerneli ikakuandikia kwamba mwenyeji (hapa ni kompyuta ya mhasibu) amezimika, jambo ambalo si kweli. Usiandike vers yoyote. Ziache zenyewe zichague. Neno hilo litakuwa na kazi tu ukikutana na kifaa cha zamani cha kuhifadhia mafaili kisichojua zaidi ya SMB1, na kifaa cha namna hiyo ningependa kukiona kikistaafishwa kuliko kubembelezwa.

Kosa 13 ndilo lenye maelezo marefu, kwa sababu namba hiyo moja hufunika sababu nyingi na mashine haikuambii ni ipi. Mara tu baada ya kukataliwa, andika `sudo dmesg | tail` na utafute mstari wa CIFS (jina ambalo Linux huitia SMB) wenye neno STATUS. Ukiona 0xc000006d, jina au nywila si sahihi. Ukiona 0xc000006e, akaunti imewekewa kizuizi, na mara nyingi ni akaunti isiyo na nywila kabisa, kwa kuwa Windows hairuhusu akaunti ya namna hiyo kuingia kupitia mtandao. Ukiona 0xc0000234, majaribio yamezidi na akaunti imefungwa kwa muda, kwa hiyo kuendelea kujaribu ni kuongeza kifungo. Ukiona 0xc0000022, umetambuliwa wewe ni nani ila huna ruhusa na folda hiyo. Na 0xc00000cc maana yake hakuna folda ya pamoja yenye jina ulilolitaja. Hiyo mara nyingi huja na kosa namba 2 badala ya 13.

Kwa maelezo yako, naweka dau kwenye 0xc000006d. Namba ambayo mhasibu hufungulia kompyuta yake ni PIN, na PIN ya Windows hufanya kazi kwenye kifaa kile kile tu. Haipiti kwenye mtandao hata siku moja. Kinachopita ni nywila ya akaunti, ambayo pengine mhasibu mwenyewe ameshaisahau kwa kuwa haiandiki. Zamani ilikubali kwa sababu faili lako la siri lilikuwa na nywila halisi, na safari hii uliandika amri kwa mkono ukaweka PIN.

Hata hivyo nisingekushauri utafute nywila ya mhasibu. Tengeneza kwenye kompyuta yake akaunti ya ndani ya peke yake, tuiite stoo, yenye nywila ndefu isiyoisha muda, isiyotumiwa na mtu kukaa mbele ya kompyuta. Siku mhasibu akibadilisha nywila yake, au akija mhasibu mwingine, mfumo hautakwama. Kisha uipe akaunti hiyo ruhusa mahali pawili, kwa kuwa Windows hukagua pawili na huchukua iliyo finyu zaidi: kwenye ruhusa za kushirikisha folda, na kwenye ruhusa za usalama za folda yenyewe. Wengi huweka ya kwanza peke yake, folda inapachikwa vizuri, halafu kuandika kunakataliwa.

Kabla ya kupachika, ijaribu akaunti kwa `smbclient //192.168.0.20/hesabu -U stoo`. Ukiingia na kuona orodha ya mafaili, anwani, poti, jina, nywila na ruhusa ya kusoma vyote ni sahihi, na kama kupachika bado kunagoma basi kosa limo kwenye maneno uliyoyaandika wewe. Jaribu pia kuweka faili dogo humo kwa amri ya `put`, ili ujue kuhusu ruhusa ya kuandika mapema.

Nywila iwekwe kwenye faili, si kwenye amri. Tengeneza /root/.siri-hesabu yenye mistari miwili, `username=stoo` na `password=` ikifuatwa na nywila, bila nafasi kabla wala baada ya alama ya usawa, kisha `sudo chmod 600` juu yake. Liandike faili hilo ndani ya Ubuntu kwa nano. Ukiliandika kwa Notepad upande wa Windows na kulihamishia ndani, kila mstari unaweza kubeba mwishoni alama isiyoonekana ambayo Linux itaihesabu kuwa sehemu ya nywila, na utakesha ukilitazama faili lililo sahihi machoni. Nywila yenye mkato nayo huharibika ikiandikwa kwenye amri, kwa kuwa mkato ndio hutenganisha chaguo moja na jingine, lakini ndani ya faili haina shida.

Mstari wa fstab uwe hivi, wote katika mstari mmoja:

`//192.168.0.20/hesabu /mnt/hesabu cifs credentials=/root/.siri-hesabu,uid=stoo,gid=stoo,file_mode=0660,dir_mode=0770,_netdev,nofail,x-systemd.automount,x-systemd.mount-timeout=30 0 0`

Ile uid na gid ni ya mtumiaji anayeendesha mfumo wa stoo ndani ya Ubuntu, na si lazima alingane na akaunti ya Windows. Nimezipa jina moja kwa urahisi tu. Usipoziweka, mafaili yote yataonekana ni mali ya root na mfumo utakataliwa kuandika na Ubuntu yenyewe, hata kama Windows imeruhusu. Kama jina la folda lina nafasi ndani yake, kwa mfano hesabu za stoo, kila nafasi iandikwe `\040`.

Maneno matatu ya mwisho ndiyo yanayoihusu hali ya umeme ya huku kwetu. Umeme ukirudi, kompyuta ya stoo na mashine pepe yake zinaweza kuwaka kabla ya kompyuta ya mhasibu, au kompyuta ya mhasibu isiwashwe kabisa mpaka mwenyewe afike asubuhi. Ubuntu ikijaribu kupachika mara moja tu wakati wa kuwaka na kukosa, haitajaribu tena, na hapo ndipo mlipopoteza zile siku mbili. Kwa x-systemd.automount, Ubuntu haipachiki wakati wa kuwaka. Husubiri mpaka programu iguse /mnt/hesabu, hujaribu hapo, na ikishindwa huirudishia programu kosa badala ya kuiachia saraka tupu. Usiitegemee hiyo peke yake, kwani ikishindwa mara nyingi mfululizo inaweza kukata tamaa na kujitoa, na hapo kufuli la chattr ndilo linalobaki. Neno nofail huizuia Ubuntu kusimamisha uwashaji kwa ajili ya folda iliyokosekana. Kwa folda za cifs athari yake si kubwa sana, lakini kwa folda za VirtualBox za aina ya vboxsf, zile ambazo kompyuta mwenyeji huishirikisha mashine pepe, ambazo Ubuntu huzihesabu kama diski ya ndani, mstari usio na nofail unaweza kuiacha mashine kwenye hali ya dharura.

Ukishahifadhi faili, andika `sudo findmnt --verify` ikague mistari yako, kisha `sudo systemctl daemon-reload` na `sudo systemctl start mnt-hesabu.automount`. Gusa folda kwa `ls /mnt/hesabu`, halafu `findmnt /mnt/hesabu`. Sasa uone mistari miwili, mmoja wa autofs (ule unaosubiri folda iguswe) na mwingine wa cifs (folda yenyewe). Ukiona wa autofs peke yake, bado haijapachikwa.

Msiiache kazi hapo kabla ya kuijaribu kwa makusudi, jioni moja baada ya mizigo kuondoka. Zima kompyuta ya mhasibu, washa upya mashine pepe, na ujaribu kuandika risiti ya majaribio: inapaswa kukataliwa. Kisha washa kompyuta ya mhasibu, ngoja dakika chache, uandike tena bila kugusa kitu kingine: inapaswa kukubali, na mhasibu aione faili hiyo kwenye folda yake. Ikikataa mara ya pili, tazama `systemctl status mnt-hesabu.automount` uone kama imejitoa, uiwashe tena, na ongeza muda wa kusubiri (x-systemd.mount-timeout) kutoka sekunde 30.

Jambo la mwisho liko kwenye kompyuta ya mhasibu yenyewe. Angalia mipangilio yake ya umeme, uizuie isilale ikiwa kwenye chaji. Kompyuta inayotoa folda kwa wengine haitakiwi kusinzia mhasibu anapokwenda kula, na ikisinzia utaona kosa 112 tena, safari hii likiwa la kweli, saa saba mchana, likatoweka lenyewe akirudi. Kama bajeti inaruhusu UPS moja tu, iwekeni kwa mhasibu pamoja na rauta, si kwenye kompyuta ya stoo, kwa sababu mfumo wa stoo sasa unajua kusubiri.